Loji ya Cairo na Masheikh wa Islahi



Ndugu Waislamu, lipo neno lisilokauka vinywani katika baraza za misikiti yetu: Frimasoni. Aliyetajirika ghafla huitwa hivyo, na sasa wanazuoni nao hawakusalimika. Tumesikia katika darsa moja ikisemwa kuwa maandishi ya Sheikh Muhammad Abduh yasisomwe, kwani yeye na mwalimu wake, Sayyid Jamaluddin al-Afghani, walikuwa Wafrimasoni. Vijana wetu wakainuka kwa ghadhabu, wakasema huo ni uzushi wa makafiri. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zimekosa uadilifu.

Si uzushi. Katika Cairo palikuwa na loji iliyoitwa Kaukab al-Sharq, yaani Nyota ya Mashariki, chini ya Loji Kuu ya Uingereza. Sayyid Jamaluddin aliandika ombi la kujiunga na Wafrimasoni mwaka 1292 Hijria (1875), na mwanzoni mwa 1878 alichaguliwa kuwa mkuu wa Kaukab al-Sharq. Karatasi hizo alizihifadhi mwenyewe. Zilibaki Tehran na zikachapishwa huko mwaka 1963. Sheikh Abduh alimfuata mwalimu wake humo. Hata Sayyid Rashid Rida, mwanafunzi mtiifu wa Abduh, ameyataja haya katika historia aliyomwandikia sheikh wake. Basi sisi tunamkanushia nani?

Lakini anayetuhumu naye aulizwe: waliingia kutafuta nini? Misri ya Khedive Ismail ilizama katika madeni ya Wazungu, na watu hawakuwa na baraza lenye nguvu wala chama cha kusemea. Loji ilikuwa na milango iliyofungwa, na ndani yake walikaa pamoja maofisa, waandishi na watu wa ikulu. Sayyid aliona hapo pa kupangia siasa. Alikosea hesabu, kwani kanuni ya loji za Kiingereza hukataza mijadala ya siasa na dini. Akagombana nao, akatoka, akaelekea upande wa Wafaransa, ambao Loji Kuu yao mwaka 1877 iliondoa hata sharti la kumwamini Mungu. Hapa hatumtetei. Aliyekimbia moshi akaangukia motoni hawezi kuitwa mwenye busara katika jambo hilo, hata akiwa imamu wetu. Mwezi Agosti 1879 Khedive Tawfiq alimfukuza Misri, na udugu wa loji haukumfaa kitu.

Ama hukumu, Baraza la Fiqhi la Rabita lilikutana Makka Shaaban 1398 (Julai 1978) na kuukemea Ufrimasoni kwa ukali. Hukumu hiyo tunaikubali. Lakini wanaoinukuu juu ya mimbari huruka kifungu kizito: ukafiri umefungamanishwa na mwenye kujinasibisha nao hali ya kuwa anaujua uhakika wake na malengo yake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa usuli anajua kuwa hukumu iliyofungwa kwa sharti haitolewi bila ya sharti lake. Abduh alifariki mwaka 1905, akiwa Mufti wa Misri. Nani amethibitisha sharti hilo juu yake?

Na tukizichoma athari zake, tujue tunachoma nini. Fikra za jarida la al-Manar ndizo zilizomfikia Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti la al-Islah mwaka 1932 na kuwaandikia Waislamu wa pwani dini yao kwa Kiswahili. Wengi wa wanaotukana leo wamejifunzia sala katika vitabu vya mkondo huo.

Katika madrasa yetu tumekwisha kuamua: maisha ya Sayyid Jamaluddin yatasomeshwa pamoja na habari ya Kaukab al-Sharq, bila kufichwa. Mzazi mwenye pingamizi tunamkaribisha baada ya sala ya Alasiri, aje na hoja yake.