Merikebu Iliyozama Isizame Tena

Aghalabu historia ya Mombasa huanzia kwenye kuta za Ngome ya Yesu na kukomea papo hapo, ilhali sehemu yake imelala chini ya maji. Merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyoundwa Bassein, Bara Hindi, mwaka 1681, ilizama mbele ya ngome hiyo mnamo Oktoba 1697, Wareno walipokuwa wamezingirwa na Waomani. Ngome yenyewe ilitekwa Desemba 1698.

Waliofichua mabaki hayo katika miaka ya 1960 ni wapiga mbizi wawili, Conway Plough na Peter Phillips. Mzamiaji aonaye mtungi wa kale baharini ana njia mbili: kuubeba akauuze, au kuuacha na kutoa habari. Hao walitoa habari. Kwa sababu hiyo, kati ya 1977 na 1980, wataalamu wakiongozwa na Robin Piercy walichimbua maelfu ya vitu, kisha wakaufukia tena mwili wa merikebu mchangani usije ukaharibika. Leo Mkenya Caesar Bita, mwanaakiolojia wa Makavazi ya Taifa, anaiendeleza kazi ya namna hiyo, ikiwemo huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi.

Wapo watakaouliza: haya yamhusu nini mwanafunzi wa Magongo, aliyezoea malori ya makontena na ndege za Moi? Yamhusu sana. Shule yake i karibu na Kilindini, na lugha yake imebeba shehena ya bahari hiyo. Meza, bendera na gereza ni maneno tuliyoachiwa na Wareno. Mkuku, taruma, omo na tezi ni maneno ya waunda vyombo wetu. Asiyeyajua ataweza kuutazama ubao wa merikebu kwenye makumbusho, lakini hataweza kuueleza kwa Kiswahili. Hapo kitu kitakuwa kimeokolewa na maana yake imezama.

Mpiga mbizi ametimiza wajibu wake. Zamu iliyobaki ni yetu walimu. Tuwapeleke wanafunzi Ngome ya Yesu. Tumwalike fundi wa majahazi darasani ataje sehemu za chombo, nao waziandike. Fundi huyo akiondoka kabla ya kuulizwa, hakuna mzamiaji atakayeyaibua maneno yake.