Bustani ya Mimea Mjini: Kipimo Ni Miche Inayorejea Msituni

Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa, ilianzishwa mwaka 1893 wakati wa utawala wa Wajerumani, hasa kwa ajili ya kujaribu mazao ya biashara. Zaidi ya karne moja baadaye hitaji limebadilika: sasa miti ya asili ya Pwani ndiyo inayohitaji hifadhi.

Mfano ulio wazi ni Erythrina schliebenii, mti wenye maua mekundu na shina la miiba unaopatikana kusini-mashariki mwa Tanzania. Mwaka 1998 uliorodheshwa kimataifa kuwa umetoweka, kisha ukaonekana tena mwaka 2001 katika msitu mmoja wilayani Kilwa. Mwingine ni Karomia gigas, ambao idadi yake inayojulikana porini ni ndogo mno. Mwaka 2018 mbegu zake zilisafirishwa hadi Bustani ya Mimea ya Missouri, nchini Marekani, ili zioteshwe.

Kwa hiyo, usanifu wa bustani ya mjini hauwezi kuishia kwenye nyasi, mabenchi na vivuli. Bustani ya uhifadhi huanza na kitalu na kumbukumbu: kila mche ujulikane ulitoka msitu gani na mti mama upi. Miche 100 ya mti mama mmoja hupendeza macho, lakini hubeba urithi finyu wa vinasaba, na ugonjwa mmoja waweza kuiangamiza yote. Hali ya hewa nayo huzingatiwa. Miti ya misitu ya Pwani huimudu Dar es Salaam, ilhali mimea ya Usambara iliyozoea ubaridi na unyevu hufaa zaidi Amani, mkoani Tanga.

Mkakati wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mimea uliweka lengo kwamba, ifikapo mwaka 2020, angalau asilimia 75 ya mimea iliyo hatarini ihifadhiwe nje ya makazi yake, ikiwezekana katika nchi ya asili, na angalau asilimia 20 iwe tayari kurejeshwa porini. Sehemu hiyo ya pili ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa bustani si mbadala wa msitu: msitu ukifyekwa, miche haina pa kurudi. Ulinzi wa misitu ya Kilwa na Lindi na utunzaji wa kitalu jijini ni kazi moja, na mafanikio yake yatahesabiwa kwa miti itakayosimama tena msituni.