Chai ya Madam Curie Ni Tamu, Ila Ile Stika Nyekundu Itoke

Buguruni kuna chai mpya, na maneno yake yameshavuka Barabara ya Mandela mpaka Tabata. Ni majani ya chai ya rangi yaliyochanganywa na tangawizi kavu, iliki, mchaichai na maganda ya chungwa yaliyoanikwa, yanafungwa kwenye paketi ndogo ya shilingi 2,000. Mwenye nayo ni dada mmoja aliyeanza na chupa mbili za chai na beseni la maandazi karibu na Sheli, akiwauzia makonda na akina mama wanaowahi mzigo sokoni. Jina la chai ni Madam Curie. Mbele ya paketi kuna picha ya mama wa Kizungu, nywele kazifunga juu, hacheki hata kidogo.

Watu wamegawanyika. Wapo wanaosema dada kachemka, jina gani hilo, nani atalitamka pale Malapa. Wapo wanaouliza kwa nini Mzungu wakati Afrika ina wanawake wake. Na wapo waliokunywa, wakanyamaza, wakaagiza paketi ya pili. Hao wa mwisho ndio wa kusikilizwa kwenye suala la ladha, maana chai yenyewe ni nzuri kweli. Tangawizi haikwaruzi koo, ganda la chungwa linakuja mwishoni kabisa, na inanyweka hata kwa sukari kidogo.

Tatizo halipo kwenye jina wala kwenye picha. Lipo kwenye stika nyekundu iliyobandikwa baadaye, chini ya kidevu cha yule mama: INASAFISHA DAMU. INAONDOA KITAMBI.

Ile stika haikuwepo mwanzo. Mwanzo kulikuwa na jina tu, na jina lina historia yake. Dada alipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa fizikia aliwasimulia darasa zima habari za mwanamke aliyepata Nobel mara mbili. Fizikia yenyewe ilimkataa, kidato cha nne akaishia hapo, lakini ile habari haikumtoka. Sasa ana mdogo wake yuko kidato cha tatu, kachagua masomo ya sayansi, na huyo binti ndiye aliyepanga vipimo vya chai. Ana daftari kabisa: iliki gramu kadhaa, tangawizi gramu kadhaa, maji yalichemka dakika ngapi, nani alionja akasema nini. Ikizidi iliki anaandika imezidi. Anarudia. Watu wa uani wanamcheka, eti chai inafanyiwa mtihani.

Halafu akaja muigizaji mmoja wa Bongo Movie, mwenye wafuasi wake wengi, kupiga promo. Akaonja, akasifia, kisha akamvuta dada pembeni. "Shoga yangu, utamu hauuzi. Watu wanataka kitambi kiondoke, damu isafishike. Weka hapo mbele, utakuja kunishukuru." Stika zikachapishwa Kariakoo siku mbili baadaye. Na kweli, chai ikaanza kutoka haraka zaidi. Hilo lisifichwe, maana ndiyo sababu kubwa ya dada kung'ang'ania. Ana pango la chumba, ana michango ya shule ya mdogo wake, na hakuna mteja aliyewahi kumlipa kwa sababu daftari la vipimo limeandikwa vizuri.

Lakini kama angejua zaidi kidogo habari za huyo mama aliyempa jina, stika ingemuwasha mkono kabla ya kuibandika.

Marie Curie alizaliwa Warsaw mwaka 1867, akasomea na kufanya kazi Ufaransa. Mwaka 1898 yeye na mume wake Pierre walitangaza kwamba wamegundua elementi mbili mpya, poloniamu na radiamu. Nobel ya fizikia ilikuja mwaka 1903, ya kemia mwaka 1911. Kazi yenyewe haikuwa ya kifahari. Alikuwa kwenye banda bovu, anachemsha na kukoroga mawe yaliyosagwa kwenye masufuria makubwa, tani kwa tani, apate chembe tu ya radiamu. Mama lishe yeyote angeuelewa uchovu ule.

Mambo yaliyofuata baada ya radiamu kupata umaarufu ndiyo yanayoihusu Buguruni moja kwa moja. Wafanyabiashara waliidaka. Marekani, miaka ya 1920, yaliuzwa maji ya chupa yenye radiamu kwa jina la Radithor, yakinadiwa kuwa yanarudisha nguvu na kuponya magonjwa chungu nzima. Tajiri mmoja, Eben Byers, aliyanywa kwa mamia ya chupa. Taya lilioza, na mwaka 1932 akafa. Ufaransa nako, kwenye miaka hiyohiyo ya 1930, zilitoka krimu za uso na poda zenye radiamu zilizoitwa Tho-Radia. Kwenye matangazo waliweka jina la daktari Alfred Curie, mtu ambaye hakuwa na undugu wowote na Marie wala Pierre. Jina tu lilitosha. Mteja akiona Curie, anafungua pochi.

Kwa hiyo huyu mama ameshawahi kutumiwa kuuzia watu uongo wakati bado yuko hai. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu, uboho wake umeshindwa kutengeneza damu mpya baada ya miaka mingi ya kushika vitu vyenye mionzi. Leo picha yake iko Buguruni, na chini yake imeandikwa INASAFISHA DAMU. Mtu anaweza kucheka, lakini inauma.

Vijana wa mjini wakisikia uongo wanasema "hiyo chai". Sasa paketi imekuwa chai kwa maana zote mbili.

Wapo watakaosema ni stika tu, nani anazingatia. Wapo wanaozingatia. Kuna mama mmoja wa Mnyamani, mjamzito wa miezi sita, kliniki walimwambia damu yake iko chini na wakampa vidonge vya FEFO. Alipoiona stika akanunua paketi tatu. Asubuhi anameza kidonge, anashushia na Madam Curie kikombe kikubwa, akijua anaongeza nguvu juu ya nguvu. Kumbe anafanya kinyume. Majani ya chai yana vitu vinavyoshika madini ya chuma tumboni na kuyafanya yasifyonzwe vizuri, hasa yale yanayotoka kwenye maharage, mchicha na vidonge hivyohivyo. Chai haimuui mtu, na hakuna aliyesema aiache. Aikalishe mbali kidogo na chakula na kidonge, kama saa moja au mbili hivi. Hayo ndiyo yangeandikwa pale mbele, maana yanamsaidia mtu. Damu inachujwa na figo na ini, havihitaji kusaidiwa na iliki. Kitambi nacho kina habari yake, na nusu ya habari hiyo ni yale maandazi ya pembeni ya chai.

Ukiamua kuweka sura ya mwanasayansi kwenye bidhaa, umejifunga. Ungeiita Chai ya Bibi au Chai ya Mahaba, watu wangekuelewa ukitia chumvi kidogo, biashara ndivyo ilivyo. Ila ukimweka mtu aliyetumia maisha yake kupima kitu mpaka akiamini, huna ruhusa ya kuandika kitu ambacho hakuna aliyekipima. Na mamlaka nao hawachezi. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, na chai inayodai kutibu inajiingiza kwenye maswali ambayo dada hana majibu yake. Kibiashara tu, ile stika ni hatari.

Wale wa "kwa nini Mzungu" nao wana hoja, ingawa wanaisema kwa kelele. Chai yenyewe ni ya hapahapa, majani ya Mufindi na Rungwe, Wajerumani waliyaleta mwanzoni mwa karne ya 20 na leo ni ya Mtanzania. Majina yapo. Wangari Maathai wa Kenya, kila mtu anamjua kwa miti na Nobel ya amani ya 2004, wachache wanakumbuka kuwa mwaka 1971 alipata udaktari wa falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi katika anatomia ya wanyama, wa kwanza kwa wanawake wa Afrika Mashariki na Kati. Hapa Dar es Salaam kuna Profesa Julie Makani, aliyejenga utafiti wa selimundu Muhimbili, ambako daladala ya kutoka Buguruni inafika bila safari ndefu. Huyo ndiye mtu wa damu kwelikweli. Zanzibar kuna Dkt. Flower Msuya na mwani wake. Lakini walio hai wanaombwa ruhusa kwanza, huwezi kuchukua picha ya profesa wa watu mtandaoni ukaibandika kwenye tangawizi. Na kama siku moja mmoja wao akikubali, ile stika nyekundu ndiyo kitu cha kwanza atakachouliza.

Waingereza wana chai yao maarufu yenye ladha ya bergamoti, Earl Grey, jina la Charles Grey aliyekuwa waziri mkuu wao kuanzia 1830 hadi 1834. Mwanasiasa. Hakuna anayeshangaa. Basi dada wa Buguruni kumpa chai yake jina la mwanamke wa maabara si kuchemka hata kidogo, tena kawazidi. Makonda wa pale sasa wanasema "nipe Madam moja ya moto", na watoto wanaotumwa dukani wanauliza huyu mama ni nani. Sio jambo dogo, kwa mtaa ambao binti akisema anataka fizikia anaulizwa kama ataolewa na nani.

Mdogo mtu ameshaanza kuuliza maswali yake. Juzi alikuwa amekaa uani na rundo la paketi, ukucha umeingia chini ya stika, anabandua. Dada yake akamwambia aache, zimechapishwa kwa hela. Binti akamuuliza: "Dada, hii ya kusafisha damu tuliipima lini? Mbona kwenye daftari haipo?" Dada akakaa kimya, akamimina chai. Zilikuwa zimebaki stika kama 60 kwenye mfuko, na mama wa Mnyamani alikuwa ameshapiga simu kuulizia paketi ya nne.