Mtandao wa kompyuta si wa hospitali kubwa pekee

Msomaji, ukiingia katika kliniki nyingi ndogo za mitaa ya Kisumu, swali la kwanza ni daftari lako liko wapi. Umelisahau nyumbani? Basi nunua jingine, uanze kueleza maradhi yako kana kwamba hujawahi kutibiwa hapo. Dawa iliyokudhuru mwaka jana huenda ukaandikiwa tena leo, kwa sababu iliandikwa katika daftari ambalo watoto wamekwisha kulichorachora.

Wenye kliniki hizo hujitetea kwamba mtandao wa kompyuta ni mambo ya hospitali kubwa zenye fedha. Sikubaliani nao.

Mnamo mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, huko Nandi, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta, kikisaidiwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani. Kompyuta zenyewe zilikuwa mbili tu, zimeunganishwa kwa mtandao, na betri za nguvu za jua zikingoja stima ipotee. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa programu ya OpenMRS mwaka 2004, ambayo hutolewa bure na imeenea katika nchi nyingi. KenyaEMR, inayotumiwa katika vituo vyetu vingi, imejengwa juu yake.

Je, kliniki ndogo inahitaji nini? Kompyuta moja mapokezi, moja kwa daktari na moja kwenye chumba cha dawa. Ziunganishwe kwa kebo kupitia swichi, na mojawapo itunze rekodi zote. Intaneti si lazima. Mtandao wa ndani hufanya kazi hata simu zikikosa mawimbi. Daktari akiandika dawa, mtoa dawa huisoma papo hapo, bila kubahatisha mwandiko.

Hata hivyo, usikimbilie kununua kompyuta kabla ya kujiandaa. Sisi wa kando ya ziwa twaijua mvua yetu ya radi. Weka betri ya akiba na kifaa cha kuzuia umeme wa ghafla, la sivyo radi moja itafuta rekodi za miaka mitano. Kila jioni toa nakala ya rekodi, uifunge kwa neno la siri, na uihifadhi mbali na kliniki. Mwizi akibeba kompyuta, asibebe na historia ya wagonjwa wako.

La muhimu kuliko yote ni siri. Kaunti za Kisumu, Siaya na Homa Bay ni miongoni mwa zilizoathirika zaidi na virusi vya Ukimwi nchini. Daftari husomwa na mtu mmoja kwa wakati, lakini kompyuta isiyolindwa huweza kumwaga siri za mtaa mzima kwa dakika moja. Mama anayejua kuwa karani wa mapokezi, ambaye ni jirani yake, anaweza kusoma majibu ya maabara hatarudi kuchukua dawa. Ataugua kimya kimya. Kwa hiyo kila mfanyakazi awe na neno lake la siri, na aone tu yale yanayohusu kazi yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na haibagui kliniki ndogo na kubwa.

Nawe msomaji una wajibu. Utakapokwenda kliniki, uliza rekodi yako inawekwa wapi na ni nani anayeweza kuisoma. Ukihamia Mbita au Usenge, omba uchapiwe muhtasari wa matibabu yako. Daktari mwema hatakasirishwa na swali hilo. Atakayekasirika, fikiri mara mbili kabla ya kumwachia siri zako.