MAJERUHI HANGOJI



Sisi wa reli ambao kwetu ni Khayega twaijua hatari ya pande mbili. Kazini kuna mabehewa na vyuma vizito. Nyumbani kuna barabara kuu ya Kisumu na Kakamega, na pale inapokutana na njia ya Shinyalu magari na pikipiki hazina simile. Mtu akiumia huku au huko, jambo ni moja: wa kwanza kumfikia si daktari. Ni sisi.

Na sisi twafanyaje? Twamkamata mikono na miguu, twambana katikati juu ya pikipiki, shingo yaning'inia, mbio mpaka Mukumu au Kakamega. Nia ni njema, lakini mtu aweza kufa njiani. Twashughulika na mguu uliovunjika kwa kuwa ndio unaotisha, kumbe koo limeziba. Mguu waweza kungoja kidogo. Pumzi haingoji.

Hata madaktari walilazimika kujifunza jambo hili. Februari 1976 daktari mmoja wa Marekani, James Styner, alianguka na ndege yake ndogo huko Nebraska. Mkewe alikufa, yeye na watoto wake wakaumia. Hospitali ndogo walikopelekwa haikuwa na utaratibu wa kuhudumia watu walioumia hivyo. Basi yeye na wenzake walitunga mafunzo, yakaanza mwaka 1978, na leo yafundishwa nchi nyingi. Shina lake ni hili: kitibiwe kwanza kile kitakachoua kwanza.

Kwetu sisi tusio madaktari, utaratibu ni huu. Tuhakikishe kwanza kwamba mahali ni salama, gari lisije kutugonga na sisi. Mmoja apige simu Msalaba Mwekundu, nambari 1199. Damu inayobubujika ikandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kufunuafunua. Kinywa kitazamwe, kama mna damu au matapishi, yatolewe. Kifua kitazamwe kama chapanda na kushuka. Asiyepumua akandamizwe katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Aliyezimia lakini apumua alazwe ubavu, kichwa na mgongo vikigeuzwa pamoja kama gogo. Afunikwe asipate baridi. Asipewe maji wala chai. Chuma kilichomwingia mwilini kisichomolewe.

Sheria nayo iko. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Hata hivyo, Oktoba 2015, mtu aliyegongwa na gari alikaa saa 18 ndani ya ambulensi Nairobi akitafutiwa kitanda, na mwisho akafa. Mwaka 2017 Sheria ya Afya iliweka faini ya hadi shilingi milioni 3 kwa hospitali yenye uwezo inayokataa kumhudumia mtu wa namna hiyo. Tuijue sheria hii, ili tukiambiwa pesa kwanza, tuwe na la kujibu.

Lakini sheria haizuii damu. Mkono ndio unaozuia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamlazimu mwenye kazi kuweka sanduku la huduma ya kwanza mahali pa kufikika upesi. Twawauliza ninyi nyote: la kwenu liko wapi? Ufunguo anao nani? Ndani mna bandeji, au mna vumbi?

Maswali hayo yapelekwe katika mkutano wa tawi. Na chama kidai kwamba kila zamu iwe na watu waliofundishwa huduma ya kwanza, wafundishwe saa za kazi, kwa gharama ya mwenye kazi. Tunadai mshahara kila mwaka, na ni haki yetu. Tudai na hili, kwa maana mshahara hupokewa na aliye hai.

Umoja ni nguvu.