Pikipiki mbovu: muuzaji asitutume China

Ndugu wasikilizaji wa komini ya Kenya, nanyi jamaa mliofika Lubumbashi mkikimbia vita, leo tuzungumze juu ya pikipiki zinazonunuliwa mpya na kuharibika mapema.

Jamaa nyingi zinachanga pesa ili kijana wao awe manseba, jioni alete unga nyumbani. Injini ikianza kutoa moshi wiki ya tatu, au fremu ikipasuka, kodi ya nyumba inasimama na watoto wanafukuzwa shule. Ukirudi dukani unajibiwa: "Hilo kosa la kiwanda, sisi tunauza tu." Kiwanda kiko China au India. Nani ataenda kukiuliza?

Maoni yangu: jibu hilo halitoshi, tusilikubali.

Kwanza, pikipiki nyingi zinafika zikiwa vipande ndani ya masanduku, zinaunganishwa hapa kwetu. Bolti isiyokazwa vizuri hapa si kosa la Mchina.

Pili, kuna sheria. Dekri ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo ingali inatumika Kongo, inasema muuzaji ndiye anayejibu kwa kasoro iliyofichika, hata kama hakuijua. Mnunuzi anaweza kurudisha kitu apewe pesa zake, au akibakize na kurudishiwa sehemu ya bei. Kasoro inayoonekana kwa macho siku ya kununua haihesabiwi, kwa hiyo kagua kabla ya kulipa. Na usikawie kulalamika, sheria inataka uje upesi. Soma pia maandishi madogo ya faktire: muuzaji anaweza kupatana nawe kwamba hatoi garanti. Lakini kama alijua kasoro akanyamaza, maandishi hayo hayamkingi.

Shida hii haiwapati maskini peke yao. Marekani watu wananunua nyumba za magurudumu za kusafiria, kwa bei kubwa sana. Mara nyingi kampuni moja imetengeneza injini na chasisi, nyingine imejenga vyumba juu yake. Gari likiharibika, kila moja inamsukumia mwenzake mzigo. Huko pia, asiye na karatasi hana nguvu.

Basi tufanye hivi. Dai faktire yenye tarehe, muhuri, namba ya chasisi na namba ya injini. Kasoro ikitokea, usimwache fundi wa mtaani afungue injini kabla muuzaji hajaiona, maana atasema fundi ndiye aliyeiharibu. Piga picha. Andika barua nakala mbili, yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa, muone avoka au nenda tribinali ya amani ukaulize njia.

Nanyi mliotoka Mitwaba au Pweto, msiogope. Siku ya kupokea pesa zenu muuzaji hakuuliza mnatoka wapi. Asiulize leo mnapolalamika.

Viongozi nao wasikae kimya. OCC iliundwa mwaka 1974 ili kukagua bidhaa. Ikague na maduka yanayounganisha pikipiki, kwa sababu breki mbovu haimuumizi mnunuzi peke yake: inamuua na abiria aliyepanda nyuma.