Walimu wa Taarabu Wazijibu Hojaji

Watafiti wa ufundishaji wa muziki mtandaoni wakituma hojaji, walimu wa taarabu Zanzibar wazijibu. Tena kwa kirefu.

Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002, hufundisha udi, ganuni na fidla. Darasani mwalimu huona kidole kikiteleza kwenye shingo ya udi, akakirekebisha papo hapo. Kwenye simu, programu ya mikutano huweza kudhani sauti ndefu ya fidla ni kelele, ikaififisha. Sauti ikichelewa zaidi ya takriban milisekunde 30, kupiga pamoja huwa shida kubwa.

Mwanafunzi wa piano hahangaiki kutafuta robo toni. Wa taarabu anahangaika, na bando likiisha katikati ya makamu (ngazi ya sauti za muziki), somo limekwisha. Walimu wa taarabu wasipoyaeleza haya, utafiti utawasikiliza wapiga piano peke yao.